Jangwani hesabu saa, kilomita ziache barabarani

Machi 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel, wavumbuzi kutoka Austria-Hungaria, uliteremka kwenye mawe meusi ya kusini mwa ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Ulikuwa umeondoka Pangani mwaka uliotangulia, ukiwa na wapagazi kutoka Unguja na Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara. Watu walikuwa wamekauka. Waliliona ziwa, wakakimbilia maji, wakainama kunywa. Yalikuwa maji ya magadi.

Ziwa bado ni lile lile. Ukiyachemsha maji yake unapata magadi ya moto. Ukiyapitisha kwenye kichujio cha bei ghali, vijidudu vinabaki nje, lakini chumvi na floridi vinapita kama havikuona kitu. Naanza na ziwa hili kwa sababu kaskazini mwa Kenya ndiko mtu wa Nairobi, Mombasa au Arusha mwenye likizo ya wiki moja anakoweza kulikanyaga jangwa la kweli kwa miguu yake: Chalbi na ganda lake la chumvi, nyika za Kaisut, mawe ya volkano kuelekea Loiyangalani, mji mdogo ulio kando ya ziwa. Na ndiko watu wenye afya nzuri, waliopanda Mlima Kenya mara tatu, wanakoangushwa na matembezi ya asubuhi moja.

Sababu yake mara nyingi ni kwamba wamehesabu kilomita. "Ni kilomita kumi na mbili tu, saa tatu tumefika." Kwenye barabara ya murram, sawa. Kwenye mchanga laini kila hatua inarudi nyuma nusu. Kwenye mawe ya volkano, yale ya ukubwa wa kichwa cha mbuzi yasiyotulia yakikanyagwa, kilomita mbili kwa saa ni mwendo mzuri. Kumbe kilomita kumi na mbili ni saa sita, na ukianza saa moja asubuhi saa ya sita inakukuta katikati ya tanuri.

Saa zetu za Kiswahili zinafaa sana kwa kazi hii. Saa nne maana yake jua lina karibu saa nne angani; huhitaji kupiga hesabu nyingine. Jangwani siku inagawanyika hivi: ondoka saa kumi na moja alfajiri kwa tochi, mwanga wa kwanza ukukute njiani, utembee hadi saa nne, usimame. Saa nne na nusu kama kuna mawingu. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni huendi popote. Saa kumi unafunga mizigo tena, unatembea hadi giza linapoingia, kama saa kumi na mbili na nusu. Ukiondoa mapumziko, hizo ni kama saa sita za kutembea kwa siku. Ratiba yoyote inayotaka zaidi ya hapo imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Kivuli nacho kinafuata saa. Tuko karibu na ikweta, na upande huu jua hufika kileleni kama saa sita na nusu mchana, maana saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Turkana iko nyuma kidogo ya hapo. Wakati huo jua liko karibu wima juu ya utosi. Ukuta wa mwamba uliokupa kivuli kizuri saa tatu, saa sita hauna hata kivuli cha kuku. Kwa hiyo usipumzike chini ya genge ukidhani umepata pa kushinda. Tafuta mti wenye mwavuli mpana, au tengeneza kivuli chako. Shuka moja juu haitoshi, joto linapenya. Funga mbili, moja juu ya nyingine, ukiacha nafasi ya kiganja kati yake hewa ipite. Chini tandika mkeka au ngozi, maana ardhi iliyopigwa na jua mchana hupita nyuzi 60, na ukilala juu yake unapikwa kutoka chini huku unajipepea kutoka juu. Chini ya mti ambao mbuzi hupumzika angalia kupe kabla hujatandaza. Na godoro la kupuliza acha nyumbani: miba ya mgunga italimaliza usiku wa kwanza.

Sasa maji. Mwili haupotezi maji kwa kilomita, unapoteza kwa saa. Mtu anayetembea na mkoba kwenye joto la nyuzi 38 hadi 40 hutoa jasho la karibu lita moja kwa saa, na akipanda kilima linazidi. Utumbo nao una kikomo chake, si zaidi sana ya lita moja kwa saa. Ndiyo maana huwezi kutembea asubuhi nzima ukibania chupa, kisha ukalipa deni lote kwa kunywa lita tano kambini. Kunywa glasi moja, kama mililita 200 hadi 250, kila baada ya dakika ishirini. Wale wanaobania maji "yasiishe mapema" hukutwa wameanguka na chupa imejaa mkobani. Kinachobaniwa ni jasho: tembea alfajiri, kaa kivulini, nenda polepole kiasi kwamba unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi.

Upepo wa Loiyangalani unastahili neno lake. Ni upepo ule uliofanya watu wasimike mitambo 365 ya umeme kusini mashariki mwa ziwa, na unavuma siku baada ya siku. Unakausha jasho kabla halijaonekana. Mtu anajipapasa shingo, anaona kavu, anasema leo joto si kali, hanywi. Jioni anakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na shati lake lina mistari myeupe ya chumvi. Ukiuona mstari huo kwapani, jasho lilikuwepo. Upepo umekunyima habari tu. Tena hewa ikishapita joto la ngozi, nyuzi 35 hivi, upepo wenyewe unaleta joto mwilini. Unakupoza kwa sababu tu una jasho la kukausha. Jasho likiisha, umesimama mbele ya mdomo wa oveni.

Hesabu ya siku moja kwa mtu mmoja, kwa ratiba niliyoitaja: saa sita za kutembea, lita tano, saa sita za kivuli kwenye joto la nyuzi 40, lita mbili, chai, ugali na usiku, lita mbili. Hizo ni tisa. Ongeza robo kwa ajili ya kumwagika, kupotea na kukaa, unafika lita kumi na moja. Lita moja ni kilo moja. Mtu aliyebeba kilo kumi na moja za maji pamoja na chakula na matandiko anatoa jasho zaidi kwa sababu ya kuyabeba hayo maji. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza: bila ngamia, bila gari linalokutangulia, bila kisima ulichohakikishiwa wiki hii, safari ya miguu ya jangwani ni ya siku moja, kwenda na kurudi. Yeyote anayekuambia vinginevyo muulize maji anabeba wapi.

Kwa mfano wageni wanne, mwongoza njia na mtu wa ngamia, siku mbili na nusu: watu sita mara lita kumi na moja ni lita 66 kwa siku, jumla lita 165. Mitungi ya lita ishirini tisa ingetosha, lakini ngamia hapakiwi idadi ya witiri. Mzigo lazima ulingane pande zote mbili, la sivyo matandiko yanapinda, yanamchubua, naye analala chini na kugoma. Kwa hiyo ni mitungi kumi: ngamia wawili wabebe minne minne, kila mmoja kwa mpangilio wa miwili huku, miwili kule, na wa tatu abebe miwili pamoja na vyombo. Unapoteka, teka kutoka pande zote mbili kwa zamu, usimalize mtungi wa kushoto ukaacha wa kulia umejaa.

Angalia vifuniko kabla ya safari. Mtungi wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia huwa na kifuniko kilichochakaa, na ngamia anapopiga magoti, mbele kwanza kisha nyuma, mtungi unainama karibu kulala. Zamani watu waliweka kipande cha mfuko wa nailoni chini ya kifuniko. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, kata duara la tyubu ya baiskeli, linafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Jaza, funga, laza mtungi kwenye sakafu kavu usiku mzima. Asubuhi utaona unaovuja. Mtungi wenye harufu ya mafuta usioshwe kwa sabuni peke yake. Tia majivu, konzi ya changarawe na maji ya moto, utikise hadi mkono uchoke, suuza, rudia. Jambo hili linaonekana dogo, lakini maji yenye ladha ya mafuta yaliyooza yakishapata joto hayanyweki, na mtu asiyependa maji yake anakunywa kidogo bila kujijua. Na kila mtu abebe mwenyewe angalau lita tatu mkobani, maana ngamia hukimbia.

Kuna tabia inaniudhi. Wageni wanajihesabia maji, kisha kuhusu mwongoza njia wanasema "huyu amezoea". Mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Ndiyo njia yake ya kuzoea. Kinachopungua ni chumvi inayotoka na jasho hilo. Morani anayetembea mbele yako anahitaji maji kama wewe. Anavumilia tu, tena kwa adabu hatakuomba. Mhesabie.

Wewe mwenyewe kuzoea kunachukua siku kumi hadi kumi na nne, ingawa sehemu kubwa hupatikana katika siku tano za kwanza. Anayetoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, akashuka hadi ziwani ambako ni kama mita 400 tu, asianze safari siku ya pili yake. Siku mbili za kwanza tembea saa moja moja asubuhi na jioni. Anayetumia dawa za presha zinazokojosha au dawa za mafua zinazokausha pua amuulize daktari kabla, kwa sababu baadhi zinamaliza maji mwilini na nyingine zinazuia jasho. Mtu aliyetoka kuharisha wiki hiyo abaki.

Joto likimshika mtu, la kwanza kubadilika ni tabia. Mchekeshaji ananyamaza. Mpole anakuwa mkali. Mmoja anabaki nyuma hatua ishirini, kisha hamsini, akiitwa anasema "nakuja". Simama hapo hapo, usingoje kivuli kizuri zaidi mbele. Akiwa anaumwa kichwa, ana kichefuchefu, miguu inakaza, lakini anajibu sawasawa, huo ni uchovu wa joto: mlaze kivulini, mvue viatu, mloweshe, mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Kipimo cha nyumbani ni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji. Fungasha vipimo hivyo tayari kwenye vikaratasi. Ukiwa umechoka utachanganya chumvi na sukari. Leo hatembei tena, hata akisema amepona.

Mwulize: tumelala wapi jana? Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani? Mwambie atembee hatua kumi kisigino kikigusa kidole. Akijibu ovyo, akiyumba kama mlevi, akigombana bila sababu, akianguka, hicho ni kiharusi cha joto, na dakika zinahesabika. Usidanganyike na ile imani kwamba lazima ngozi iwe kavu. Aliyekuwa akitembea anaweza kuwa amelowa jasho huku joto lake la ndani limepita nyuzi 40. Fanya hivi kwa mpangilio huu. Mwondoe juani na umwinue kutoka ardhini, juu ya mkeka, mikoba, chochote. Mvue nguo, aibu baadaye. Mmwagie maji mwili mzima, si paji la uso tu, na watu wawili wampepee kwa nguvu kwa shuka bila kusimama. Hewa kavu ya jangwa, adui yako wa asubuhi, sasa inakufanyia kazi: maji yanakauka haraka na kuondoa joto. Endelea kumlowesha hadi akili irudi au aanze kutetemeka. Inaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Aliyechanganyikiwa usimpe cha kunywa, kitaingia mapafuni. Panadol na aspirini hazishushi joto la aina hii na zinaweza kudhuru. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: mgonjwa anayekimbizwa kwenye gari bila kupozwa anaendelea kuungua ndani njia nzima.

Watu husita hapo: maji tuliyobeba kwa tabu, tumwage? Mwaga. Na kumbuka kwamba maji yasiyonyweka yanapoza vizuri tu. Maji machafu ya mto wa mchanga, maji ya bwawa la ng'ombe, hata yale ya magadi ya ziwani, ila ziwani yatekwe na mtu aliyesimama nchi kavu kwa ndoo yenye kamba. Turkana ina mamba wengi, na anayeingia hadi magotini kuteka maji anawafanyia wepesi.

Lipo pia kosa la upande wa pili, na wanaolifanya ni watu watiifu. Wameambiwa wanywe, wakanywa lita mbili kwa saa bila kula. Chumvi ya damu inashuka. Kichwa kinauma, tumbo limejaa, vidole vimevimba hadi pete haitoki, mkojo mweupe kama maji ya bomba, na mtu anaanza kuchanganyikiwa ingawa mwili si wa moto. Ukimwongezea maji unamdidimiza. Usipite lita moja na nusu kwa saa, na kila unapokunywa tafuna kitu chenye chumvi: karanga, krispi, nyama kavu. Tende ni nzuri kwa nguvu, lakini zipe wenzake wa chumvi.

Baada ya habari yote hiyo ya ukame, inashangaza kidogo kwamba jangwani maji hayohayo huua watu kwa kuwa mengi. Laga ni mto wa mchanga, mpana, laini, wenye miti pembeni, kitanda kizuri mno. Mvua inanyesha Nyiro au Ndoto, milima mirefu iliyo mbali na wewe, huku juu yako nyota zinang'aa. Baada ya saa kadhaa maji yanateremka na magogo. Hell's Gate kule Naivasha si jangwa, lakini Aprili 2012 na tena Septemba 2019 korongo lake lilibeba watu kwa namna hiyohiyo. Kabla ya kuweka kambi angalia miti ya kingo: nyasi na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Lala juu ya hapo, na ngamia pia. Ukisikia ngurumo upande wa milimani, ukinusa udongo uliolowa bila kuona wingu, ukiona povu lenye majani makavu likitangulia mchangani, panda ukingo bila kukusanya vyombo. Laga iliyojaa hailazimishwi. Kimo cha goti kikienda kasi kinamwangusha mtu mzima. Keti, chemsha chai. Nyingi hupungua katika saa chache.

Kwenye laga hiyohiyo kavu ndiko visima viliko. Wenyeji huchimba pale mchanga unaposhikwa na mwamba chini, na visima hivyo vina wenyewe. Kwa Waborana kisima kina baba yake, na kuna mtu maalumu wa kupanga zamu za mifugo. Kwa Wasamburu na Warendille nako familia inajulikana. Kuna mgeni anayefika na chupa yake na kuitumbukiza kwenye hori la ngamia. Asalimie kwanza, aulize kwa kupitia mwongoza njia, angoje zamu. Maji hayo yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe au yatiwe dawa. Kuchimba mwenyewe pasipo na dalili ni kupoteza jasho: ukifika kina cha mkono hadi begani na mchanga bado mkavu, acha. Na kisima usichokiona kwa macho yako hakimo kwenye hesabu. Beba ya kukurudisha mpaka maji ya mwisho uliyoyaona. Robo tatu ya wenyeji watakuambia "kiko pale mbele", na watakuwa wanasema kweli ya mwezi jana.

Mavazi nitayapitia haraka. Shati la pamba lenye mikono mirefu, pana, la rangi nyepesi, suruali ndefu, kofia ya ukingo mpana yenye kamba ya kidevu, maana upepo wa ziwani hauombi ruhusa, kikoi cha shingoni cha kulowesha. Miwani ya jua, hasa Chalbi, ambako chumvi inarudisha mwanga kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, midomo na visigino kwanza. Mwamvuli ni kitu kizuri mahali pasipo upepo na watu wasikucheke.

Viatu ndiyo shida. Buti zilizokaa kabatini miaka mitano zina gundi iliyokufa. Joto la mawe linamalizia kazi, na soli inafunguka mdomo kama samaki. Zivae majuma mawili kabla, na beba selotepu pana ya kitambaa na waya mwembamba. Wenyeji wanavaa akala, na soli ya tairi ni kinga nzuri dhidi ya mwiba kuliko raba nyingi za dukani. Lakini mguu usiozoea utapasuka visigino siku ya pili, kwa hiyo akala ziwe za kambini. Kung'uta viatu asubuhi kwa sababu ya nge. Yule mwenye mkia mnene na makoleo membamba ndiye wa kuogopwa zaidi.

Nyoka wa kuangalia huku, mbali na bafe, ni mdogo mwenye magamba ya kukwaruza, anayejikunja na kusugua ubavu kwa ubavu hadi asikike kama mafuta yanayokaanga. Hutembea usiku, ndiyo sababu usiku hatutembei mawe wala kwenda haja bila tochi na viatu. Akimuuma mtu: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na viatu, tuliza kiungo kwa vijiti na kitambaa, mbebe asitembee, andika saa. Sumu yake inazuia damu kuganda, hivyo fizi zikianza kutoka damu mwambie daktari. Piga simu mapema hospitali ipi ina dawa ya nyoka, kwa sababu si kila zahanati inayo.

Njia yenyewe hupoteza watu kwenye tambarare zaidi kuliko milimani. Chalbi kilima kinaonekana cha kufikia kabla ya chai, kumbe ni mwendo wa siku, na kuanzia saa tatu mazigazi yanakikata miguu na kukiweka juu ya maji. Chukua alama mbili zilizo kwenye mstari mmoja, ya karibu na ya mbali, asubuhi kabla hewa haijachemka, na dira uisome wakati huo. Jua la saa sita halikuonyeshi upande wowote. Simu ihifadhi ramani bila kutegemea mtandao, na ikae katikati ya mkoba ndani ya shuka, kwani ikipata joto inajizima. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo simu ya sauti haipiti. Baada ya mvua, ganda la Chalbi linaficha tope, zunguka.

Usalama wa watu ni habari ya kila wiki, si ya kila mwaka. Bonde la Suguta lina joto la kutisha na mandhari ya ajabu, na ni huko, Novemba 2012, askari polisi wengi waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mpitie chifu na kituo cha polisi kabla ya kuondoka, ajiri mwongoza njia wa jamii ya eneo lenyewe, na akisema leo hatupiti huku, usimwulize mara mbili.

Kisha mwachie mtu wa mjini ujumbe wa namna hii: "Tunaondoka Ngurunit Jumanne saa 11 alfajiri kwenda Korr. Watu sita, ngamia watatu. Tutafika Alhamisi saa 4 asubuhi. Usiposikia kitu hadi saa 8 mchana, mpigie chifu wa Korr, kisha 999 au 112." Namba ya chifu iandike humohumo. Saa nane imechaguliwa makusudi: inakupa nafasi ya kuchelewa kwa sababu za kawaida, ngamia aliyegoma au mtu mwenye malengelenge, na bado inawaachia wanaokutafuta saa nne za mwanga. Ukiweka saa kumi na mbili jioni watalazimika kungoja kesho. Na ukifika, kabla hujavua viatu, mtumie ujumbe kwamba umefika.